Wiki Niliyokua Kiroho

Jumamosi, 5 Julai

Nimeamua kukua kiroho. Muda nilio nao: siku saba.

Sababu ni hii. Asubuhi jumuiya yetu ilikutana uani kwa Demetria, mwenyekiti wetu, yule anayekaanga vitumbua nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mchungaji Kokushubila alikuja mwenyewe kutoka usharikani. Akatangaza kwamba Jumamosi ijayo tutachagua mzee wa kanisa wa kuwakilisha mtaa wetu hapa Chang'ombe. Akasema tusiangalie gari wala kitambi. Tumwangalie mtu anayewekeza bidii katika kukua kiroho. Aliposema bidii, macho yake yakamwangukia Gaspar.

Gaspar! Mwenye mashine ya kusaga! Mtu anakuja kwenye sala ana unga mpaka kwenye nyusi. Akiambiwa aombe, anasema maneno kumi na tano, anakaa. Dakika haijaisha. Na watu wanaitikia amina kwa nguvu, sijui wamepewa nini.

Mimi, Elibariki, karani wa stoo katika duka la rangi, nina miaka kumi na minne katika jumuiya hii. Nina suti mbili. Nina sauti nzito. Najua nyimbo hamsini bila kufungua kitabu, ubeti wa kwanza. Mzee wa kanisa anakaa benchi la mbele, pembeni ya madhabahu, na kila mtu anamwona anavyoinama. Nimelitamani benchi lile tangu sijaoa.

Nimemweleza mke wangu Gladness, mama wa Bupe wetu. Akauliza nitakua kwa siku saba kwa mbolea gani. Nimemsamehe. Kusamehe ni hatua ya kwanza, na nimeimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Jumapili, 6 Julai

Biblia yangu ilikuwa tatizo. Mpya mno. Ina miaka sita na kurasa bado zinashikana. Ya Gaspar imechakaa hadi ameifunga kwa mpira wa tyubu.

Basi jana nilileta msasa kutoka stoo, ule laini wa kumalizia. Nikasugua jalada. Nikasugua kingo. Nikaikunja kunja pembe. Ikatoka Biblia ya mtu aliyeteseka! Kisha nikachukua kalamu tatu, nyekundu, ya bluu na ya kijani, nikapiga mistari kila nilipofungua. Sikusoma, maana muda haukutosha.

Leo baada ya ibada nikasimama mlangoni nimeikumbatia kifuani, jalada nje. Mchungaji akaiona. Akafurahi! Akaichukua, akaita wazee na wainjilisti waje waone Biblia inayosomwa. Akaifungua penye rangi nyingi kuliko pote. Ilikuwa ile orodha ya ngamia na punda wa watu waliorudi kutoka uhamishoni. Punda elfu sita na mia saba na ishirini, wamepigiwa mistari kwa rangi zote tatu na alama ya mshangao pembeni.

Akaniuliza kwa upole Bwana alisema nami nini kupitia punda wale.

Nikajibu kwamba hata punda wamehesabiwa, sembuse sisi.

Mwinjilisti mmoja akakohoa. Gaspar peke yake akasema amina. Hakuwa ananicheka! Alimaanisha kabisa, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Hakuna kazi. Majirani wamekwenda kwenye maonyesho, mimi nimebaki na simu mkononi, na ni vizuri nimebaki.

Saa nne Demetria aliandika kwenye kundi la Whatsapp la jumuiya. Kuelekea uchaguzi kutakuwa na maombi ya alfajiri, Jumanne mpaka Ijumaa. Mtu ajitolee kurusha sala ya sauti saa kumi na moja na nusu, wengine waamke nayo. Nikaandika: Mimi! Siku zote nne! Gaspar hakuwa hata amefuta unga vidoleni. Watu wakanipongeza. Mchungaji akaniwekea moyo, mwekundu.

Kisha nikakumbuka alfajiri ni nini. Mimi huamka saa moja kasoro, na huamshwa kwa kuvutiwa shuka.

Nilitafakari kuanzia saa tano hadi saa tisa. Jibu likaja lenyewe. Sala haina saa! Kwa nini nisiombe jioni, nikiwa na akili timamu, nikairekodi, halafu alfajiri nikabonyeza tu kitufe? Kazi yote ni kidole kimoja. Mwili uliobaki unaendelea kulala.

Jua lilipokuwa linazama nikaenda nyuma ya nyumba, nikaanza kurekodi. Mara adhana ya magharibi ikapasuka kutoka msikiti ulio nyuma ya ukuta wetu. Nilitaka kuzima. Nikajizuia. Adhana! Nani atauliza saa ngapi nimeomba, kama adhana yenyewe inasikika nyuma yangu? Nikasogea karibu zaidi na ukuta.

Nimeomba dakika kumi na moja. Nimeombea taifa, bandari, wagonjwa, wasafiri wa angani na majini, na viongozi wa ngazi zote. Nilipofumbua macho nilikuwa na jasho. Ni kweli kabisa, jasho.

Jumanne, 8 Julai

Ushindi! Nilibonyeza kitufe, nikarudi usingizini. Kuamka saa moja, vikono vya kuomba ishirini na tatu. Mtu mmoja ameandika kwamba nimeombea mambo ambayo hata hakujua yanahitaji kuombewa.

Habari bora zaidi: Demetria ameiweka kwenye spika pale anapokaangia. Kila anayenunua kitumbua anasikia sauti yangu, Mkristo, Mwislamu, dereva wa bodaboda. Kampeni ya bure!

Gladness amenimiminia chai polepole sana huku akinitazama.

Jioni nimerekodi ya kesho, palepale ukutani, adhana ikiwa nyuma.

Jumatano, 9 Julai

Kuna wingu dogo.

Nilipita kwa Demetria kupokea sifa. Nikamkuta Mzee Mwinjuma, jirani yetu, mwenyeji wa Temeke tangu kuna minazi. Aliadhini msikiti ule miaka thelathini. Sasa magoti hayamruhusu kufika alfajiri, anasali nyumbani, na masikio yake hayasikii mpaka spika iwe karibu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akanisifu. Akasema ni jambo jema jirani kumkumbuka Mungu saa ile, wengi wanakoroma.

Kisha akakunja uso. Akasema kuna kitu kinamsumbua tangu jana. Adhana inayosikika nyuma ya sala yangu ina upungufu. Adhana ya alfajiri, peke yake kati ya zote tano, ina maneno yanayomwambia mtu kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Jana hakuyasikia. Akadhani ni masikio yake. Leo ameisogelea spika hadi nusura aungue kwa karai la mafuta. Hayamo.

Kati ya maneno yote duniani, yale hasa!

Lakini mzee wa watu hakunishuku hata kidogo! Mimi, kwake, nilikuwa macho. Anayemshuku ni Anwar, muadhini. Anasema vijana wa siku hizi wanaruka. Akachukua vitumbua vyake vinne, akaondoka kwa hasira kuitafuta kamati ya msikiti.

Nimejiambia litapita. Anwar atasema ameyasema, wataamini, wataendelea. Jioni nimerekodi kama kawaida, ila nimesogea mbali kidogo na ukuta.

Alhamisi, 10 Julai

Halijapita.

Anwar amekuja dukani kununua rangi ya mageti. Ni fundi wa kuchomelea, baba wa watoto watatu, mtu wa mzaha siku zote. Leo hakuwa na mzaha. Akanieleza kwamba kamati ilikaa jana. Waliomtetea ni shemeji yake na binamu yake, kwa hiyo hawakuhesabika. Wengine wakasema hawana hakika, walikuwa ndiyo kwanza wanatafuta kandambili. Lakini sauti iliyorekodiwa, wakasema, haina ndugu. Wamemwomba apumzike kuanzia kesho mpaka jambo lieleweke.

Miaka tisa anaamka saa kumi. Mvua, malaria, msiba. Akasema kupumzishwa si kitu. Kinachomuuma ni kwamba marehemu baba yake ndiye aliyemfundisha, na sasa watu wataona mtoto wa mzee yule amekuwa mvivu.

Halafu akaniambia, braza, wewe ulikuwa macho. Uko nje, uko karibu na ukuta. Hukunisikia? Njoo unisemee.

Nikasema nilikuwa nimezama sana kwenye maombi.

Akatikisa kichwa, akasema anaelewa. Anaelewa! Nikampa brashi ya inchi mbili bure. Akashukuru mara mbili.

Nimejisikia vibaya. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Vibaya sana. Chakula cha jioni sikukimaliza, na Gladness aliona. Nikikiri, Anwar anarudi msikitini na mimi benchi linaondoka. Nisipokiri, benchi ni langu na nitakuwa nainama pale mbele nikimfikiria Anwar.

Saa tatu nimepata njia ya katikati. Kesho nitaamka kweli! Nitarekodi alfajiri kweli, adhana kamili yenye maneno yote, nitairusha. Mzee Mwinjuma ataisikia, ataridhika, Anwar atasafishwa. Hakuna atakayejua lolote. Nashangaa sikufikiria mapema.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeamka saa kumi na moja. Peke yangu! Gladness alidhani ni mwizi.

Nikasimama ukutani, baridi ya Julai, mbu, simu juu. Mara ya kwanza wiki hii niko macho alfajiri, na niko macho ili kuiba adhana.

Ikaanza. Mungu wangu. Haikuwa sauti ya Anwar. Ilikuwa ya Mzee Mwinjuma! Amejitolea kushika nafasi mpaka jambo lieleweke, wamempeleka kwa bodaboda, magoti na yote. Sauti ilitetemeka, ikakatika, ikakohoa, ikarudi. Maneno ya usingizi aliyasema, tena kwa mkazo, kana kwamba ananielekezea mimi nyuma ya ukuta.

Sikuirusha. Itasaidia nini? Itathibitisha tu kwamba mzee anayasema na kijana hayasemi. Ningekuwa nimeongeza tu uzito kwenye kesi ya Anwar.

Nikarusha ile niliyorekodi jana jioni. Vikono kumi na tisa. Vinapungua.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika haraka nimalize.

Jumuiya ilijaa. Suti ya kijivu. Mchungaji akaomba, akagawa vipande vya karatasi. Kabla hatujaandika, hodi. Mzee Mwinjuma na Anwar, wamevaa kanzu, wamevua viatu ingawa ni uani. Mzee akaomba radhi kwa kuingilia shughuli yetu. Akasema wanaomba jambo moja: sala ya Jumanne isikilizwe tena, yote, mbele ya Anwar, ili ajitetee akiwa anasikia anachotuhumiwa. Akasema hataki kumdhulumu mtoto wa rafiki yake.

Nikasimama. Naapa nilisimama ili kukiri. Nilishachagua sentensi ya kwanza, ilikuwa nzuri, ilianza na neno ndugu zangu. Lakini Demetria alishabonyeza.

Sauti yangu ikajaa uani. Taifa, bandari, wasafiri wa angani. Adhana nyuma. Anwar akasikiliza, akatabasamu kidogo, akasema hii ni magharibi. Mzee Mwinjuma akasema haiwezekani, ndugu Elibariki aliomba alfajiri. Demetria akataka kuzima. Mchungaji akasema iendelee.

Dakika ya tano. Ya nane. Watu wanatazamana. Ikabainika kwamba hakuna aliyewahi kufika huku! Demetria mwenyewe akakiri kwamba huzima ninapofika bandarini. Dakika ya kumi, wazi kabisa, sauti ya Gladness kutokea mlangoni:

"Baba Bupe! Anua nguo, jua limeshazama!"

Nilikuwa sijaisikiliza mpaka mwisho hata mimi.

Nilitamani ardhi inimeze, suti na yote. Gladness alikuwa ameshika shavu, anatazama chini. Nikageuka kwa Anwar. Ile sentensi ya ndugu zangu ilishapotea. Nikasema tu kwamba ni mimi, si yeye, na kwamba juzi dukani nilimdanganya usoni, anisamehe.

Mzee Mwinjuma ndiye aliyeanza kulia. Alimshika Anwar mkono, akamwomba msamaha mbele ya Wakristo ishirini na saba. Anwar akamwinamia, akasema yaishe mzee wangu, yameisha. Kisha akanijia. Nilifunga macho. Akanishika bega, akasema kwa kuwa kuamka ni tatizo langu, yeye hupita dirishani kwangu kila siku saa kumi na nusu akienda msikitini. Atakuwa anagonga.

Watu walicheka mpaka karai likatikisika.

Tukapiga kura. Gaspar ishirini na tano. Mimi moja. Iliyoharibika moja, ambayo ni yangu, niliandika jina langu nikalifuta nikaliandika tena. Nikamgeukia Gladness kumshukuru kwa kura ile moja. Akaninong'oneza nisimshukuru yeye. Demetria akaionyesha juu. Karatasi ilikuwa na alama ya kidole cha unga.

Nikamfuata Gaspar baadaye. Akasema kwa aibu kwamba alisikiliza sala ile Jumanne hadi mwisho, akasikia habari ya nguo. Ya adhana hakuyajua. Akaona si lake kulisema, akaniombea. Kila siku.

Kazi yake ya kwanza kama mzee wa kanisa: amenipangia kuongoza maombi ya alfajiri mwezi mzima. Kwa kupiga simu ya kundi, moja kwa moja. Si kurekodi.

Jumapili, 13 Julai

Ibada. Gaspar benchi la mbele. Alikuwa amenawa uso vizuri.

Sina la kuandika.

Jumatatu, 14 Julai

Saa kumi na nusu: ngo ngo ngo! Dirisha nusura litoke. Nikaitikia. Anwar akasubiri mpaka niwashe taa, ndipo akaenda. Sauti yake ikapanda baadaye, safi, maneno yote yapo.

Nikapiga simu ya kundi. Watu kumi na tano wakaingia, nikasikia miayo, nikasikia karai la Demetria. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu! Taifa limetoka kichwani, bandari imetoka. Nilikuwa nimekaa kitandani na singlendi, mkavu kabisa.

Nikasema: Bwana, nimeamka. Asante kwa Anwar aliyeniamsha. Nilimkosea, na nilijua namkosea. Nisaidie nisirudie. Amina.

Ni hivyo tu. Nikatazama simu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha amina zikaja, nzito, zote kwa pamoja. Gladness alikuwa amekaa pembeni yangu na shuka mabegani, anafuta macho. Akasema miaka kumi na mmoja ya ndoa, leo ndiyo mara ya kwanza amesikia nikiomba.

Na mimi nililia kidogo. Sijui kwa nini. Nilikaa pale mpaka kukapambazuka, sikutaka kulala tena, na nilikuwa na furaha ambayo sikuipangia.

Jumanne, 15 Julai

Mambo yamegeuka!

Jana kutwa simu imeita. Demetria anasema watu wameguswa. Mzee Mwinjuma amenitumia vitumbua viwili katika vinne vyake. Na Mchungaji Kokushubila ameniandikia ujumbe, naunakili hapa: huo ndio ukuaji wa kiroho, ndugu Elibariki, unyenyekevu.

Unyenyekevu! Kumbe ndiyo siri! Siku zote hizi nasugua jalada na kuombea bandari, kumbe Gaspar alishaigundua, kwa nyusi zake zile, akakaa kimya. Nimefanya utafiti. Oktoba usharika unachagua mjumbe wa mkutano mkuu wa dayosisi. Miezi mitatu. Gaspar namkubali kwa unyenyekevu wa ngazi ya mtaa, lakini kwa ngazi ya usharika sidhani kama ana maandalizi.

Mpango umekamilika. Suti zote mbili naziweka kando, naanza kuvaa shati lile lililochanika kola. Gladness anasema atalishona. Nimemkataza. Nikisifiwa, nitatazama kucha. Na Jumapili, benchi la nyuma kabisa, lile la mlangoni karibu na mafagio.

Shida ni kwamba benchi lile lina mwenyewe. Bibi Herieth, mjane, mwenye fimbo, hukaa hapo kila Jumapili na hajawahi kulalamika. Mshindani mkali kuliko Gaspar! Lakini ana miguu mibovu, hufika saa mbili kasorobo. Mimi nitakuwa pale saa kumi na mbili, mlinzi akifungua tu geti. Mpaka Oktoba, kanisani mle, wa mwisho nitakuwa mimi, na sikubali mtu anitangulie.